Chungu Kilichoandikwa Doublon

Sharti langu la kwanza kwa wanafunzi wa uzamili ni hili: hakuna kusoma kadi. Kitu kinatolewa kabatini, kinawekwa juu ya sponji nyeupe, na wewe unakaa mbele yake saa mbili nzima, na penseli mkononi, simu ikiwa kwenye droo yangu. Kadi yenye maelezo ya kitu hicho naitia mimi mfukoni mwa koti. Wapo wanaoniona mchawi. Mwaka mmoja kijana fulani aliniuliza kama hizo saa mbili zina alama. Nilimjibu kwamba hazina alama hata moja, na kwamba asipokaa nitamfelisha. Alikaa.

Sifanyi hivyo kwa ukorofi tu, ingawa ukorofi ninao na mke wangu ni shahidi. Nafanya hivyo kwa sababu kadi inaziba macho. Mtu akishasoma kwamba hiki ni kigoda cha chifu, kigoda hakioni tena, anamwona chifu. Bila kadi anahangaika, anapiga miayo, anachora ovyo kwa dakika ishirini hivi, halafu kitu chenyewe kinaanza kujitokeza. Anagundua kwamba mguu mmoja uliwahi kuvunjika na mtu akaufunga kwa uzi wa shaba, polepole, kwa uangalifu. Anagundua kwamba mwiko umelika ncha upande wa kulia, kwa hiyo mama aliyesongea bukari, ugali wa kwetu, kwa mwiko huo alikuwa wa mkono wa kushoto. Mama huyo hakuna aliyeandika jina lake. Hakuna picha yake. Lakini wewe, mtoto wa Lubumbashi uliyekuja hapa kwa basi asubuhi hii, sasa unaujua mkono wake. Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini na jambo hilo bado linanisisimua mwili.

"Tafuteni pale palipochakaa," huwa nawaambia. Pazuri panaonyesha fundi. Palipochakaa panaonyesha watu walioishi na kitu.

Makumbusho yetu ni madogo. Chumba cha makusanyo kina dirisha moja la juu, makabati ya chuma, na harufu ya mbao kavu na moshi wa zamani ambao haujawahi kutoka ndani ya vikapu. Kabati lililo karibu na mlango linaitwa kabati la masomo. Humo tunaweka vitu ambavyo kadi zake zimeandikwa neno moja la Kifaransa: doublon. Maana yake ni kwamba makumbusho yana kingine kama hicho. Kimoja kinatunzwa kama roho. Kile cha pili kinaweza kushikwa na wanafunzi, kupinduliwa, hata kukatwa kipande, ikiwa kuna sababu ya kisayansi na ikiwa mimi nimetia saini.

Neno hilo halikuwahi kunisumbua. Mimi ni mtoto wa wafanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini. Nyumba yetu ilikuwa stoo na stoo ilikuwa nyumba yetu, na tulicheza kujificha nyuma ya katoni za sabuni zilizopangwa hadi darini. Katoni ya sabuni ni katoni ya sabuni. Ukiondoa hii unaweka ile, na hakuna atakayelia.

Miaka michache iliyopita nilimpata mwanafunzi mmoja, binti wa mtaa wa Katuba, Mkatoliki wa familia iliyotoka kaskazini mwa Katanga. Babu yake alikuwa mtu wa reli. Binti mwenyewe alikuwa mpole kiasi cha kuniudhi, maana mimi nimezoea wanafunzi wa kubishana. Kazi yake ilihusu udongo. Alitaka kujua vyungu vya zamani vya kaskazini vilifinyangwa kwa udongo wa mto gani, na kwa karibu mwaka mzima alikuwa akipanda malori kwenda huko na kurudi na vifuko vya udongo, kila kifuko na jina la mto wake. Maabara ya jiolojia ilikuwa tayari kulinganisha. Kilichokosekana ni kipande kimoja tu cha chungu cha zamani, ukubwa wa ukucha. Fakalte, kitivo chetu, ilimpa hadi mwisho wa mwezi kuleta matokeo, la sivyo mwaka wake ungepotea, na mwaka wa kurudia kwa kawaida familia haiulipii.

Nilifungua daftari la orodha, nikatafuta vyungu vya kaskazini, nikapata namba moja iliyokuwa na alama ya doublon. Nilitia saini siku ileile. Nilijiona mtu mwema sana.

Alikuja Alhamisi asubuhi. Nilikuwa nimeshaandaa msumeno mdogo, sahani ya kupokelea vumbi na mfuko wa plastiki. Lakini sharti ni sharti, hata kwa mtu mwenye haraka. Nikamwekea chungu juu ya sponji, nikatia kadi mfukoni bila kuitazama, nikamwambia saa mbili kwanza.

Kilikuwa chungu kidogo cha duara, cheusi, shingo nyembamba, na mistari mitatu imechorwa kuzunguka shingo. Kitu cha kawaida kabisa. Mimi nilikaa mezani kwangu nikisahihisha kazi za wengine. Baada ya muda nikasikia kimya kimezidi. Penseli yake haikuwa ikitembea. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Prof," akasema, "mwenzake iko wapi?"

"Mwenzake nani?"

"Wa hii nyungu."

Nikamwambia mwenzake yuko ndani ya kabati kubwa, anatunzwa, hahusiki na habari hii. Aendelee. Akarudi kukitazama chungu. Saa mbili zilipotimia nilimpa msumeno. Aliushika vizuri, akauelekeza kwenye kitako cha chungu pale tulipokubaliana, kisha akauweka chini.

"Siwezi kukata, prof."

"Juu ya nini?" nikamuuliza sababu.

"Hii haiko doublon. Ni mapasa."

Mapasa ni pacha. Neno nilikuwa nalijua, nani mjini hapa asiyelijua, lakini sikuwahi kulisikia likisemwa juu ya chungu. Nikadhani ananitania, na yeye hakuwa mtu wa utani. Damu ikanipanda.

"Weye ulikuya kukata, ao ulikuya kufanya matanga?" nikamuuliza. "Mwaka muzima unabeba udongo, maabara inangojea, fakalte inangojea, miye nilisha kusaini. Na sasa unaniambia mapasa! Hapa ni science, haiko kwa bibi yako."

Nilisema na mengine ambayo sitayaandika. Hakulia. Alivua glavu zake, akaikunja moja ndani ya nyingine, akazisogeza kwangu juu ya meza.

"Kata weye mwenyewe, prof," akasema kwa heshima kabisa. "Saini ni yako."

Basi nikavaa koti vizuri, nikavuta kiti, nikakishika chungu. Nilikusudia kukata. Nataka ijulikane hivyo, maana baadaye wenzangu walinisifu kana kwamba nilikuwa na shaka tangu mwanzo. Nilikigeuza kuelekea dirishani nitafute mahali pa kuanzia, na mwanga ukaanguka begani mwake, upande wa kushoto. Pale palikuwa na doa la mviringo, kubwa kuliko kidole gumba, ambapo weusi wote ulikuwa umetoka na udongo mwekundu ulikuwa unang'aa. Halikuwa doa la kuanguka. Halikuwa doa la mkono pia, mkono haufiki pale ukinyanyua chungu. Kitu kigumu cha mviringo kilikuwa kimeegemea hapo, kikisugua kidogo kidogo, kwa muda mrefu sana.

Niliinuka. Nikafungua kabati kubwa, nikamtoa yule wa pili kutoka rafu ya chini, ambako amekaa miaka yote hiyo kati ya mtego wa samaki na ngoma isiyo na ngozi. Nikamgeuza. Doa lilikuwa begani mwake, upande wa kulia.

Niliwaweka juu ya sponji moja na kuwasogeza. Sikuhitaji kuwarekebisha. Bega liliingia kwenye bega, doa juu ya doa, na mlio mdogo ukatoka, tik, kama kifuniko kinachokaa mahali pake. Mwanafunzi wangu alivuta pumzi. Mimi nilikuwa nimesahau kuvuta yangu.

Nieleze nilichokiona, maana sijawahi kukiona tena kwa ukubwa ule. Ili doa kama hilo litokee, vyungu viwili lazima vikae vimegusana miaka na miaka, kwenye nyumba yenye watu wanaotembea, watoto wanaoruka, mtwangio unaotikisa sakafu. Na kila vikinyanyuliwa, iwe kwa kuoshwa au kujazwa maji, mtu alivirudisha palepale, huyu kulia na huyu kushoto, bila kukosea hata mara chache tu, maana angekosea madoa yangekuwa manne. Kila siku. Pengine mama, kisha binti wa huyo mama. Uangalifu wote ule wa watu nisiowajua ulikuwa umehifadhiwa mbele yangu katika sehemu mbili zilizochakaa, na hakuna aliyeuandika popote. Nilitazama mistari ya shingoni. Kwenye chungu kimoja fundi aliichora kuelekea kulia, kwenye kingine kuelekea kushoto. Hakuwa anarudia kazi yake. Alikuwa anawaelekeza watazamane.

Huko nje lori la mgodini lilipita na vioo vikatetemeka, na vyungu vikatoa tena ule mlio mdogo. Nilihisi machozi na sikuyaonea haya.

Kisha nikatoa kadi mfukoni ili nirekebishe neno. Nikaona mwandiko.

Herufi d yenye mkia mrefu unaopinda nyuma, ambayo masista walinichapa viboko kwa ajili yake na bado ikashindikana. Doublon. Peut servir à l'étude, kinaweza kutumika kwa masomo. Ilikuwa d yangu. Nikakumbuka mchana mmoja wa miezi yangu ya kwanza pale, nikiwa bado kijana wa mafunzo. Rafu zilikuwa zimejaa, mkuu wa wakati huo akanipa kazi ya kutafuta vitu vilivyozidi. Vyungu vyote nilivimaliza mchana mmoja. Vyungu viwili vya duara, ukubwa mmoja, eneo moja, vimeingia siku moja: kimoja nikakiacha rafuni, kingine nikakihamishia kabati la masomo. Jioni nilikwenda nyumbani nikimsimulia baba jinsi nilivyopanga stoo ya serikali, na baba alifurahi.

Nikairudisha kadi mfukoni. Sikumwambia binti yule kitu. Niliogopa, nasema wazi, niliona haya mbele ya mtoto niliyekuwa nimetoka kumfokea.

Kesho yake niliiandikia fakalte barua. Nilieleza kwamba chungu hakiwezi kukatwa, na kwamba mwanafunzi anaomba kubadili mada ili aandike juu ya vyungu hivyo viwili. Kuhusu sababu, niliandika kwa Kifaransa safi kwamba kosa lilikuwa limeingia katika nyaraka. Kifaransa kina milango ya namna hiyo, kosa linajiingilia lenyewe bila kupelekwa na mtu. Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Walikubali mada, lakini hawakuongeza hata siku moja. Na walitaka ushahidi wa mtu hai: madoa yanaonyesha kwamba vyungu vilikaa pamoja, hayaonyeshi kwamba ni pacha. Alitakiwa apate mtu aliyeishi na vyungu kama hivyo, ama mwaka umekwisha.

"Niko na mama," akasema nilipomsomea barua. "Mama alizalaka mapasa."

"Nani na nani?"

"Ni miye na dada yangu, prof. Yeye anauzisha samaki kule Kasomeno."

Nilikuwa nimemfundisha karibu miaka miwili na sikuwahi kumuuliza hata ana ndugu wangapi. Mimi ninayewafundisha watu kuangalia.

Mama yake alikuja Jumanne iliyofuata, amevaa liputa, kitenge cha kikundi chake cha mama wa parokia, kitambaa cha kichwa kimefungwa barabara. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa na mtu. Binti yake akamketisha, akafungua daftari. Mimi nilisimama pembeni, kadi mfukoni. Sikuwa nimekwenda nayo nyumbani wala sikuwa nimeirudisha kwenye sanduku lake.

Mama hakuketi muda mrefu. Alipoviona vyungu aliinuka, akavisogelea, akapiga makofi polepole kwa viganja vilivyokunjwa kidogo. Akasalimia upande wa kulia. Akasalimia upande wa kushoto. Ndipo akatugeukia.

"Ni bo," akasema, yaani ni wao wenyewe. "Kwetu ukizala mapasa, unaendaka kwa mama moja tu mwenye kufinyanga. Siku moja, udongo moja. Hii ya mukubwa, hii ya mudogo. Ukitia maji humu, unatia na humu. Mugeni akisalimia moja, anasalimia na ule. Hata mama yangu alifanyaka vile juu ya bano batoto yangu."

"Na mukubwa ni gani, mama?" binti akauliza, kalamu ikikimbia.

"Ni huyu. Mukubwa anakalaka kuume." Na kidole chake kikaelekea, bila kukigusa, kile chungu kilichotoka kabati la masomo.

Binti alizidi kuuliza na mama akajibu, vyungu vinawekwa wapi ndani ya nyumba, nani anaruhusiwa kuvigusa, inakuwaje kimoja kikivunjika. Kwa nusu saa nilisikiliza mambo ambayo hakuna kadi hata moja katika chumba kile iliyokuwa nayo. Nilijua pale kwamba mwaka wa binti yule umepona. Nilifurahi kwa dhati, kifua kikawa chepesi, nikaanza hata kufikiria niwape wageni wangu soda.

Mama akavitazama tena vile vyungu. Akaona vibandiko vya namba, kimoja cha rangi ya manjano, kingine cheupe.

"Balikuwa mu makabati mbili?" akauliza.

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Nani alibaachanisha?"

Binti yake aliwahi kujibu. Bila shaka hakujua lolote, alitaka tu kumwondolea mama uzito. "Ni bazungu ba zamani, mama."

"Ah. Bazungu," mama akasema, akatikisa kichwa.

Ni jibu zuri. Mjini kwetu hakuna anayelihoji, na mara nyingi ni la kweli. Ningekaa kimya tu na mambo yangeishia hapo. Mama angevaa viatu vyake, binti angeandika sentensi moja kwenye kazi yake, na mimi ningewafundisha wanafunzi wengine kutafuta palipochakaa hadi nistaafu. Nilikuwa naisikia kadi ndani ya mfuko.

"Hapana, mama," nikasema. "Ni miye."

Kalamu ya binti ilisimama. Nikatoa kadi, nikaiweka juu ya meza mbele yao, nikaonyesha mwandiko.

"Nilikuwa kijana, sikuuliza mutu. Niliona bile biwili ni sawa sawa, nikasema kimoja kimezidi. Na juzi nilikuwa nataka kukikata. Ni mutoto wako njo alinikataza, nikamukaripia."

Mama hakuisoma kadi. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, jinsi ninavyowaambia wanafunzi watazame. Sikuona hasira usoni mwake. Niliona kwamba anapima kama mtu huyu mwenye koti na mvi ataelewa akiambiwa.

"Basi ubaombe pole, papa," akasema. "Bote wawili. Na uanze na mukubwa."

Kuna mambo ambayo profesa hutazamia kuyafanya mbele ya mwanafunzi wake, na hili halikuwa mojawapo. Niliinama mbele ya kile chungu nilichokiandika doublon. Nikakunja viganja, nikapiga makofi kama nilivyomwona mama akipiga, nikasema kwa sauti, "Pole, mukubwa. Ni miye nilikutenga na mudogo yako. Unisamehe." Kisha nikamgeukia mdogo wake, nikasema naye, maneno yaleyale, bila kupunguza hata moja.